Kuku Juu ya Bolti ya Nane

Mimi nauza usipa, wale samaki wadogo wakavu ambao kwetu Burundi tunawaita indagara, na meza yangu katika soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka inapakana na turubai la Marlène. Miaka tisa tumekaa hivyo, bega kwa bega, kwa hiyo haya ninayoyasema juu yake sikusimuliwa na mtu.

Marlène anauza bolti na nati zilizokwisha kutumika: za baiskeli, za vitanda, za vinu vya kusagia, za magari yaliyokufa. Kazipanga katika makopo ya maziwa na ya rangi. Hana haja ya kuzipima. Anaiviringisha moja kati ya kidole gumba na cha shahada, macho yake yakiwa kwa wapita njia, kisha anakuambia: hii ni ya kumi na mbili, hii ya kumi na nne, na hii ni mwongo, inajifanya ya kumi na mbili.

Tabu yake ni moja tu. Hakuuzii mpaka umwambie bolti inakwenda kufanya kazi gani, na jibu lisipompendeza, hakuuzii kabisa. Siku moja alikuja Mulenda, shemasi wa kanisa letu, mtu wa haya, akataka bolti nne za kitanda.

“Kitanda ya nani?” Marlène akamuuliza.

“Ya kwangu, maman.”

“Unalalaka peke yako ao na bibi?”

Nusu ya soko iligeuka. Mulenda, ambaye harusi yake tulikuwa tumeila wiki tatu nyuma, alitazama viatu vyake akasema kwamba, ndiyo, na bibi. Marlène alimrudishia zile nyembamba alizokuwa amezichagua, akampa nne nene kama kidole cha mguu. “Utakuja kunishukuru,” akamwambia. Shemasi aliondoka mbio, na mpaka leo akipita hapo hutazama upande wa nyanya.

Nilimwambia mara nyingi, nikimwita yaya kama dada mkubwa, “Yaya Marlène, unafukuza wateja.” Jibu lake lilikuwa lile lile, na bolti kwake ni buloni: “Buloni si nyanya, Goreth. Nyanya ikioza, unaona.”

Tabia hiyo aliitoa Bukavu. Kabla ya vita kumleta huku, alikuwa mtunza stoo katika karakana ya mashua kando ya Ziwa Kivu, miaka kumi na mmoja. Mafundi wote walikuwa wanaume, na wote walipaswa kupita kwenye kidirisha chake kuomba vifaa. Alianza kuwauliza maswali kwa udadisi tu. Baadaye wakawa wao ndio wanaomuuliza yeye.

Basi, mwezi wa saba, ile baridi ya vumbi, alitokea mwanamume wa makamo mwenye viatu visivyofaa kwa njia zetu. Alichuchumaa mbele ya turubai, akafungua leso nyeupe, na ndani ya leso mlikuwa na nati moja kubwa iliyoshika kutu. Alizungumza Chichewa na Kiingereza. Marlène anajua zikomo, yaani asante, na bei za nyanya, basi. Mimi Chichewa changu nilikiokota kwa kubishana na wanawake wa samaki, na ingawa kinanukia samaki hivyo hivyo, siku ile ndicho kilichokuwepo. Nikawa mdomo wa wote wawili.

Aliitwa Dokta Mkwinda, daktari wa meno huko Lilongwe. Alikuwa akitafuta nati mbili kama ile. Kila duka la mjini walimpa nati mpya zinazong'aa. Ukizifunga, zinazunguka mara mbili kisha zinakwama.

Marlène aliiviringisha ile nati. “Hii ni ya inchi. Kipimo ya Baingereza ya zamani. Baduka yote siku hizi ni milimita.” Akavuta kopo moja kutoka nyuma, la nati alizotoa kwenye matrekta ya kale ya mashamba ya tumbaku. Dokta alipoliona, uso wake ulichanua. Tayari mkono ulikuwa mfukoni.

“Ya kufanya nini?” Marlène akauliza.

“Za mashua,” nilifasiri. “Mashua ya tanga. Anasema zinakaa chini kabisa, ndani ya tumbo la mashua.”

Kopo lilirudi chini polepole. Marlène alinitazama. “Umuulize kama mashua yake inalia.”

“Inalia?”

“Umuulize tu.”

Nilimuuliza. Dokta alicheka kwa adabu, kile kicheko ambacho watu wa mjini hutuwekea sisi wa kambini. Marlène hakujali. Alishika msumari akachora mavumbini: tumbo la mashua, na chini yake kitu kama pezi kubwa la samaki. Kule kwa waandishi wa vitabu vya bahari wanakiita mkuku. Kwa Marlène ni chuma kizito kinachoning'inia chini ili mashua isipinduke upepo ukiisukuma. Kati ya tumbo na pezi akachora vijiti vinane. Ndizo bolti. Hakuna kingine kinachoshikilia chuma kile. Kisha, kwenye mstari ule tumbo linapokutana na chuma, akachora matone yanayoteremka.

“Machozi,” akasema. “Ya kutu. Mwekundu mwekundu. Apa.”

Dokta aliacha kucheka. “Yalikuwepo,” akajibu taratibu. “Lakini tumeyapaka rangi.”

Nilifasiri. Marlène alifunika kopo la nati, akalikalia.

Sasa ndipo kazi yangu ya ukalimani ilipokuwa ngumu, kwa sababu wote wawili walisema kwa pamoja. Dokta alieleza kwamba Jumamosi ya wiki ijayo anatimiza miaka sitini, amealika watu kumi na wawili ziwani, wakiwemo mashemeji zake watatu ambao tangu anunue ile mashua wanamwita Nuhu, hawezi kuahirisha, nati mbili tu, amayi, mama yangu, nati mbili! Na Marlène akasema, “Nikimuuzishia nati mbili, njo nimeuzisha maiti kumi na mbili. Umwambie aende.”

Hilo sikulifasiri lote. Nilisema tu kwamba mama ana wasiwasi.

Alikwenda. Baada ya siku mbili alirudi, safari hii na viatu vya mpira. Kumbe fundi mmoja mjini alikuwa amejitolea kuzichomelea nati kwa moto, na Dokta, akiwa njiani kukubali, alikumbuka ile picha ya mavumbini. “Sawa,” akasema. “Njooni muone wenyewe.”

Tulikaa siku nzima kwenye foleni ya ofisi ya kambi kupata karatasi ya kutoka, Marlène akisoma bolti za kila benchi tulilokalia. Jumanne asubuhi gari la Dokta lilitubeba. Njiani alitaka kujua mama amejifunzia wapi mambo ya machozi, na Marlène akasimulia ile ya baiskeli. Pale karakanani Bukavu waliinua mashua ya padre mmoja kwa winchi, ili waioshe. Ilikuwa nzuri, imepakwa rangi juzi. Ilipofika juu, kile chuma cha chini kikatengana na tumbo, taratibu, kikaanguka pwaa! juu ya baiskeli mpya ya mkuu wa karakana. Hakuna aliyeumia. “Lakini baiskeli,” Marlène alisema, “ilibaki kama chapati. Mkuu alilia kushinda padre.”

Dokta alicheka mpaka akapunguza mwendo. Lakini hakucheka tena hadi Biwi, mtaa wa mafundi huko Lilongwe.

Mashua ilikuwa nyuma ya karakana ya Jean-Paul, mtu wa Uvira, fundi wa kuchomelea na kukereza vyuma. Ilisimama juu ya trela kati ya basi dogo bovu na rundo la mageti, ndefu kuliko nyumba yangu, imepakwa kijani kibichi kinachonuka bado. Jean-Paul ndiye aliyeipaka. Alitupokea kwa mikono miwili.

“Yaya, karibu! Iko muzima kabisa hii. Ni nati mbili tu njo ilipotea.”

“Ilipotelea wapi?”

Jean-Paul alikohoa. Mkewe, Amanda, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, akajibu badala yake: “Kwenye kinu ya shemeji yake. Aliziazima.”

Tulipanda ngazi. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya banda. Miaka mitatu mashua ile ilikuwa imesimama pale, na kuku wa Amanda hawakuona sababu ya kuacha nyumba nzuri namna ile ikae bure. Marlène alivua viatu, akafunua mbao za sakafu, akajilaza kifudifudi kama mtu anayenusa. Mle chini zilikuwa zimejipanga bolti, mistari miwili, kila moja imetokeza kichwa chake kupitia bamba la chuma. Tano zilikuwa na nati. Mbili zilikuwa uchi, shukrani kwa kinu. Lakini nilihesabu saba tu ninazoziona. Juu ya ya nane, kule nyuma kabisa, palikuwa na kiota cha majani, na juu ya kiota kuku mwekundu wa shingo isiyo na manyoya, akitutazama kwa jicho moja.

“Analalia mayai kumi na moja,” Amanda alipaza sauti kutoka chini. “Amebakiza siku ine. Asiguswe!”

Marlène alitoa nyundo ndogo kwenye kikapu. Aligonga bolti ya kwanza akategea sikio. *Ngii!* Ya pili, *ngii!* Alizipitia zote namna hiyo, uso umekunjamana, na sita ziliimba. Ya saba ilisema *kho*. Akaigonga tena. *Kho*. Alipojaribu kunyoosha mkono kwenye ya nane, kuku alimdonoa mara mbili, ya pili akatoa damu.

“Ile ya saba inakohoa,” alitangaza akinyonya kidole. “Tuitoe.”

Hakuna kazi ndogo kwenye chuma kizee. Kwanza Jean-Paul alitegemeza mkuku juu ya magogo ili usije ukatuangukia, akachimba shimo chini yake bolti ipate pa kutokea. Nati ikanyweshwa mafuta ya dizeli, ikaachwa ilowe. Kisha spana, na kwenye mpini wa spana bomba refu la kuongeza nguvu, na mwisho wa bomba wakaniweka mimi, kwa kuwa mimi ndiye mzito. Nilining'inia. Hakuna kitu. Nikajirusha kidogo. Nati ikaachia ghafla kwa sauti ya mbuzi, nami nikakaa chini ndani ya ndoo ya rangi ya kijani. Wakanivuta watu wawili. Hilo halina maana katika habari hii, ila Jean-Paul analisimulia kila mahali, kwa hiyo afadhali nilitaje mwenyewe.

Bolti ikasukumwa kwenda chini, ikatoka. Dokta aliipokea, akaipangusa kwa leso yake nyeupe.

Ilikuwa nzima. Nyeusi, imenyooka, nene toka juu mpaka chini, hata alama ya kiwanda ilisomeka. Kilichokohoa kilikuwa washa, ile pete bapa, iliyopasuka chini ya nati, kitu cha kubadilisha kwa dakika moja.

“Kama mpya!” Dokta alipiga kelele. Jean-Paul alicheza hatua mbili tatu za rumba. Marlène aliichukua bolti, akaiviringisha, akaitazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nikamwona anaona aibu. Nilimwonea huruma, kusema kweli, nikatamani hata iwe mbovu kidogo.

“Amayi,” Dokta alisema, kwa upole wa mshindi, “niuzie nati zangu mbili, niwarudishe nyumbani.”

“Bado moja,” Marlène akasema. “Ile ya chini ya kuku.”

“Aa, iyayi, hapana. Ulisema moja, tumetoa moja.”

Tungeishia pale kama si chakula. Amanda alikuwa amepika nsima, yaani ugali, na usipa wangu mwenyewe, wa nyanya na kitunguu, na tukakaa wote kuzunguka sahani kwenye kivuli cha mashua. Dokta alikuwa na furaha, akila na kuongea, kisha nikaona ameacha kula. Alikuwa akimtazama Marlène mdomoni.

“Muulize,” akaniambia, “tangu lini anatafunia upande mmoja.”

“Tangu Pasaka,” nilijibu mimi, maana hilo nalijua, “na analala na karafuu shavuni.”

Nilipomfasiria, Marlène alinikanyaga mguu. “Si kitu,” akasema. “Inauma kidogo tu, nikikunywa maji ya baridi. Juu iko muzuri, nyeupe.”

Dokta alitikisa kichwa. “Wote wanasema hivyo. Juu nyeupe, na mzizi umeoza.”

Nilifasiri neno kwa neno. Kijiko cha Marlène kilisimama hewani. Alikiweka chini, akafuta midomo, akaelekeza kidole kwenye tumbo la mashua, kwenye ile rangi ya kijani.

“Docteur,” akasema, na hapo hakuhitaji sana mdomo wangu, “juu iko muzuri.”

Dokta aliitazama mashua. Akamtazama Marlène. Jean-Paul alianza kusema kitu kuhusu ubora wa rangi, Amanda akamnyamazisha kwa mwiko.

“Haya,” Dokta akasema mwishoni. “Jino moja kwa bolti moja. Natoa bolti yako leo. Kesho unakaa kwenye kiti changu.”

Lazima mjue kwamba Marlène hamwogopi askari wala nyoka, lakini akisikia sindano hubadili njia. Alinitazama kana kwamba naweza kukataa kwa niaba yake. Kisha akampa Dokta mkono.

Basi kizuizi kikawa Amanda. “Kuku yangu haitoke,” alisema, na akasimama mbele ya ngazi na mwiko wake. “Ikitoka apa itakataa mayai. Kwanza mlishamtisha.”

Hapo ndipo zamu yangu ilipofika. Mimi nimekua Ruyigi, kwa bibi yangu aliyekuwa na kuku arobaini, na kuku anayelalia hafahamu safari ikiwa haoni. Nilimwomba Amanda kikapu kipana. Nikapanda, nikamfunika kuku kwa kitenge changu taratibu, kichwa kwanza, nikimnong'oneza Kirundi maana ndicho kinachotuliza, nikapitisha mikono chini ya kiota na kunyanyua vyote pamoja, majani, mayai na mama mtu. Nilimpeleka kwenye kabati la mbele la mashua, penye giza, nikafunga. Alilalamika mara moja, kisha akajikalisha. Amanda alisikiliza dakika nzima, sikio kwenye mbao, ndipo akaruhusu.

Chini ya kiota nati ilikuwa imefunikwa na tabaka la uchafu na unyevu. Maji ya mvua yalikuwa yakipenya kwenye kifuniko cha nyuma na kukusanyika pale pale. Jean-Paul alikwangua, akavisha spana, akaita bomba. Mimi nikaanza kusogea, nikiangalia ndoo iko wapi.

Bomba halikuhitajika. Aligusa spana kwa mkono mmoja tu, na nati ikaja. Ikaja na bolti. Ikaja juu yote kama uyoga unaochumwa: urefu wa kidole, na mwishoni mwake ncha nyembamba iliyolika, kisha hakuna kitu. Nusu nyingine ilikuwa imebaki ndani ya mkuku, haijashikana na chochote, sijui tangu mwaka gani.

Marlène alikitoa kile kipande mkononi mwa Jean-Paul, akakiweka kiganjani mwa Dokta.

“Kiuno ya nyigu,” akasema polepole. “Juu nene, chini nene, katikati maji inakula.”

Alisema bila kejeli yoyote, na hilo nililipenda. Walitoa na nyingine zote kabla ya jua kuteremka. Mbili katika zile zilizoimba nazo zilikuwa na viuno vya nyigu, bado zimeshika, lakini moja Jean-Paul aliivunja kwa goti. Marlène aliitikisa nyundo yake ndogo, akaitazama kama rafiki aliyemsengenya. Dokta alikaa juu ya gurudumu la basi bovu, vile vipande mapajani.

“Kumi na wawili,” aliniambia. “Na mke wangu hajui kuogelea.”

Sikuona haja ya kulifasiri hilo.

Usiku tulilala kwa Amanda, na asubuhi Dokta alifika mwenyewe kuchukua jino lake. Kwenye kliniki Marlène alishikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili. Muuguzi na mimi tulimbandua kidole kimoja kimoja. Alipokaa kwenye kiti, Dokta alichukua kichuma chembamba akaanza kugonga meno, moja baada ya jingine.

“Hiyo inaimba!” Marlène alipiga kelele, mdomo wazi. “Goreth, umwambie hiyo inaimba, asiitoe!”

“Anasema linaimba,” nikafasiri.

“Najua,” Dokta akasema, na kichuma kikasogea. “Na hili je?”

Mguno alioutoa Marlène haukuhitaji Chichewa wala Kiswahili. Sindano ilipita, yeye akiwa amenibana mkono hadi leo ninayo alama, na jino likatoka. Dokta alimwonyesha: juu jeupe, safi, na mzizi mmoja mweusi umeliwa nusu. Marlène alilitazama kwa muda mrefu, kwa heshima ya fundi. Akaomba afungiwe kwenye karatasi. Shavu likiwa limekufa ganzi, alisema jambo ambalo mimi na Dokta hatukulielewa, lakini lilikuwa la urafiki.

Kazi ya kutengeneza ilianza mchana huo huo. Jean-Paul, ambaye tangu bolti ivunjike alikuwa mtu mnyenyekevu, aliwasha mashine yake ya kukereza. Alitaka kuchanganya: bolti mpya za chuma kisichoshika kutu kwa zile mbovu tatu, na zile tano za zamani zirudi. Marlène alikataa. “Vyuma mbili haifanane, ukiilaza pamoja kwenye maji, moja inakula mwenzake. Yote nane, baba moja, mama moja.” Basi zikakerezwa nane za chuma kimoja, na nati zake mpya za milimita. Yaani katika safari yote ile, baada ya kukalia kopo na kutoa damu na jino, Marlène hakuuza hata nati moja. Nilimkumbusha. Akaniambia ninyamaze.

Karatasi yetu ya ruhusa ilikuwa ya wiki moja, kwa hiyo Jumamosi ilitukuta bado Biwi, mashua bado haina hata bolti moja ndani, imekaa kwenye magogo na nguzo. Dokta alikuwa amefikiria kuahirisha sherehe. Mkewe alikataa, keki ilikwisha kuokwa. Saa sita magari manne yaliingia kwenye ua wa Jean-Paul, na wageni kumi na wawili wakashuka na nguo za ziwani, kofia na miwani. Mashemeji watatu walikuwa wamevaa kabisa yale makoti ya kuelea majini. Waliizunguka mashua, wakatazama basi bovu, wakatazama mageti.

“Nuhu,” mmoja akasema, “maji yako wapi?”

Dokta hakujibu. Alifungua leso yake, akawaonyesha kile kipande cha bolti ya nane, na akaeleza. Nilikuwa karibu, nikasikia. Hakujificha: alisema aliipaka rangi, alisema aliyacheka maswali ya mama huyu, alisema wote waliosimama pale wangekuwa saa hii katikati ya ziwa. Yule shemeji alikishika kile kipande. Akavua miwani. Hakumwita Nuhu tena siku ile.

Keki ililiwa ndani ya mashua, kwa sababu mwenye siku alitaka hivyo. Marlène alisimama chini ya ngazi kama konda, akaruhusu watu sita tu kwa mara moja, na mnene mmoja akahesabiwa wawili. Waliokuwa juu walikaa wakitazama paa za Biwi na kupunga mikono kwa wapita njia na waendesha kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, ambao nao walipunga. Katikati ya wimbo wa kumpongeza Dokta, kabati la mbele likaanza kulia *pii, pii*. Amanda aliwasukuma wageni, akafungua. Vifaranga tisa kati ya mayai kumi na moja. Walipewa makombo ya keki, na mke wa Dokta akakataa kushuka.

Jumatatu tulifunga. Gundi nyeusi ya mpira ilipakwa pale tumbo linapokutana na chuma, mkuku ukainuliwa kwa jeki, bolti zikapita. Kisha Marlène alimbana Jean-Paul kabla hajakaza nati: hakuruhusu moja ifungwe hadi mwisho. Kidogo huku, kidogo kule upande wa pili, mbele, nyuma, tena huku. Kwetu ndivyo wanavyowamba ngozi ya ngoma. Ukivuta upande mmoja mpaka mwisho, ngozi inakaa kombo na ngoma haitoi sauti. Iliwachukua asubuhi nzima. Gundi ilitokeza pembeni kwa mstari sawasawa, na Marlène akatembeza kidole juu yake wote bila kusema lolote, jambo ambalo kwake ni sifa kubwa.

Mwezi wa tisa Dokta alituma gari. Tulipata karatasi nyingine, tukaenda hadi Senga Bay, kando ya ziwa, na mashua ikashushwa majini. Marlène alikaa mchangani na spana yake. Alikuwa amesema wazi kwamba hapandi: miaka kumi na mmoja Bukavu hajawahi kupanda hata moja, anajua buloni, hajui maji. Mashua ilikwenda, ikainama kwa upepo mpaka mimi nikapiga yowe, ikasimama, ikageuka. Yeye hakutazama tanga. Alitazama pale chini tu.

Iliporudi, aliingia majini na sketi yake, akapanda, akafunua mbao. Palikuwa pakavu. Alipima nati zote. Moja ikakubali robo mzunguko, akaikaza, akamwambia Dokta kwamba baada ya mwezi aitazame tena, na kila mwaka atoe moja kwa zamu akione kiuno chake. Dokta aliitikia kila neno. Kisha, Marlène akiwa bado amelala kifudifudi mle chini, alimkonyeza shemeji yake, wakasukuma mashua, wakapandisha tanga.

Nilisikia kelele zake kutoka ufukweni. Baadaye zikakoma. Nusu saa nzima sikuona kichwa chake kikichomoza. Aliporudi alishuka, akakaa karibu yangu.

“Yaya,” nikamuuliza, “ziwa likoje kule katikati?”

“Sikuiona. Nilikuwa chini, nimeshika nati.”

Alikamua sketi. Alitazama maji kwa muda, mashua nyingine ndogo ikipita mbali, wavuvi wakivuta wavu. Kisha akanyanyuka, akamwendea Dokta aliyekuwa akifungua soda, na akanivuta na mimi kwa mkono nimfasirie: je, kabla ya kula, kuna nafasi ya kuzunguka mara moja tena, yeye akae juu?